Chupa Mbili za Maji ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu hili hata siku moja: darasani jibu huwa ninalo, ila mdomo unakuwa mzito. Narudi nalo nyumbani, namwambia Shangazi huku anakoroga rangi ya vitambaa kwenye mabeseni yake uani. Yeye hata swali halijui. Anasema tu, "Barabara kabisa," na kuendelea kukoroga.

Leo mwenye nyumba kaja na bata wake wawili, mmoja kila kwapa. Walikuwa weupe. Sasa ni bluu kuanzia kifuani kwenda chini — wameogelea kwenye mfereji, pale Shangazi anapomwaga maji ya rangi. Shangazi akamwambia kazi hiyo hamtozi, ni zawadi. Mwenye nyumba hakucheka. Atarudi Jumamosi. Asipoona njia ya kuyasafisha maji yale, mabeseni yatoke uani kwake.

Shangazi kaimba jioni nzima. Akiwa na hofu huimba. Mimi na yeye tunakula kwa mabeseni hayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata mwalimu wa kemia baada ya kipindi. Sauti ilitoka kama ya mbu. Nimemwambia nimesoma kitabuni kwamba ukichemsha majani ya chai, ukachanganya maji yake na chumvi ya chuma, vinazaliwa vichembe vya chuma vidogo mno, hata hadubini ya shule haivioni. Na vichembe hivyo huvunjavunja rangi. Mwalimu akanitazama kama nimeota mabawa. Akanipa kikopo cha chumvi ya chuma, glavu, na onyo.

Nikachanganya jikoni. Chai ikawa nyeusi tii papo hapo! Shangazi akachungulia: "Chai haina sukari, ina chuma. Tunamngoja mgeni gani huyo?"

Nimejaza chupa mbili maji ya beseni. Ya kwanza nimetia vichembe na kijiko cha peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Ya pili sikutia kitu, ni ya kulinganishia. Zote ziko dirishani.

Jumatano, 5 Machi

Maji safi! Mashapo meusi kidogo tu chini. Shangazi kaninyanyua juu, na urefu huu nilio nao. Kisha akatoka kumpelekea mwenye nyumba habari.

Ila — chupa ya pili nayo ni safi. Ile ambayo sikutia kitu. Labda jua? Sijamwambia Shangazi. Alikuwa na furaha mno.

Alhamisi, 6 Machi

Jua silo. Kikombe cha maji ya beseni nilichoweka dirishani jana bado ni bluu.

Mwalimu kasema, kwa mzaha, kwamba jaribio likifaulu hata pale ambapo hukufanya kitu, basi kuna mwingine aliyefanya. Nikarudi mbio, nikainusa chupa ya pili. Dawa ya madoa. Ile ya kung'arishia mashuka.

Nikamuuliza Shangazi. Wala hakuona haya. "Nilitangulia kuamka, nikaona chupa zako bado bluu, na wewe umelala umekunja uso. Nikazitilia kidogo. Zote mbili, moja isije ikaona wivu."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamweleza: dawa ile ikimwagwa mfereji mzima, bata watarudi kuwa weupe, lakini hawatarudi nyumbani.

"Haya, profesa. Na ya kwako inafanya kazi?"

Sijui. Hapo ndipo penye aibu. Sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza upya. Shangazi kakaa mbali na dirisha, mikono mgongoni kama mshtakiwa. Hadi jioni chupa yangu imetoka bluu ya wino ikawa bluu ya anga. Safi haijawa. Lakini ya pili haijabadilika hata chembe. Kwa hiyo kuna kitu kinatokea!

Shangazi, polepole: "Kesho tumwonyeshe ile ya Jumatano. Nani atajua?"

Nikasema, mimi.

Shangazi ameimba tena.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye nyumba alikuta chupa ya Jumatano mezani, imefutwa ikang'aa. Sijui Shangazi aliiweka saa ngapi. Akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ndiyo kazi ya binti?"

Shangazi akanitazama. Angeweza kujibu. Aliniachia mimi.

Nikasema hapana. Hiyo ni dawa ya madoa, ni sumu kuliko rangi yenyewe. Nikaichukua mkononi mwake, nikaiweka kando, nikamletea ya jana.

"Hii bado ni bluu."

"Ndiyo."

"Sasa ya nini kunionyesha?"

Shangazi akaguna. Nami nilishaanza kusema, sikuweza tena kunyamaza. Nilichota maji mapya ya beseni, chupa mbili, mbele ya macho yake. Nikatia vichembe kwenye moja, na peroksaidi. Nikamwambia itachukua hadi jioni, na huenda isiwe safi kabisa, na kwamba hakuna mtu atakayezigusa, hata Shangazi. Nikamvutia kiti kivulini. Akaangalia chupa, akaangalia saa yake, akakaa. Nami nimekaa chini kando yake, naandika.