Pesa Zisizovuka Mpaka

Baba watoto,

Salamu nyingi. Hatujambo, na mdogo ameota meno mawili.

Tangu benki za huku na huko ziunganishwe, wenzangu wenye waume ng'ambo hupata ujumbe unaotaja nchi pesa zilikotoka. Wangu hautaji. Nikaenda kumuuliza karani wa benki.

"Mama, hizi hazivuki mpaka. Zinatumwa kutoka tawi letu la sokoni, hapa hapa mjini."

Nikamwambia amekosea. Lakini jana, mwisho wa mwezi, siku pesa zako huingia, nilisimama mkabala na tawi hilo. Saa tano ukatoka, umekonda, shati linakupwaya. Nilishindwa kukuita.

Barua hii namwachia mlinzi wa pale akupe. Kama kazi ng'ambo hukuipata, rudi, nitakupokea. Kama ni mwanamke, niambie mwenyewe kabla watoto hawajakuona barabarani.

Mkeo, mpaka utakaponijibu