Herufi Kubwa ya Bwana Preuß

Jumatatu, 2 Novemba 1970
Ramadhani imeingia na joto halitaki kuondoka. Ofisi yetu hapa Ghubra ni kibanda cha mabati. Wajerumani wanapima barabara, mimi napiga taipu. Nilikaa Leipzig, Ujerumani, miaka mitatu nikijifunza kuchora herufi za chapa, halafu nimekuja Maskati kupiga taipu!

Lakini leo kuna jambo. Bwana Preuß, mkubwa wetu, anataka kibao kipya mlangoni, jina lake kwa herufi kubwa tupu. Jina linaishia na ile herufi yao, ß. Ndogo wanayo, kubwa hawana. Kwa hiyo vibao vyote humwandikia PREUSS, naye huona kama amevalishwa kanzu ya mtu mwingine. Kaniuliza kama naweza kumchorea kubwa yake. Naweza! Kasema nikifaulu, taipu basi — nahamia meza ya wachoraji, niandike ramani zote. Kinywa kikavu kwa saumu, moyo unaruka.

Jumatano, 4 Novemba
Nimeichora. Bega limekatwa sawasawa, tumbo chini. Nzuri, nasema mwenyewe.

Herr Lindner, mkuu wa wachoraji, kaitazama kama aliyeona nzi kikombeni. Kasema herufi hiyo haipo. Nikamwambia ipo, hii hapa. Kasema wataalamu wao wanagombania sura yake tangu enzi za babu zao. Wengine wanataka S mbili zilizobanwa, wengine ile ndogo inenepeshwe tu, wengine hawataki kuisikia. Sasa binti wa Kiarabu kutoka Unguja ndiye awaamulie? Nikajibu: kama wenyewe mmeshindwa, mgeni akijaribu kosa lake nini? Bwana Preuß akacheka. Lindner hakucheka.

Kaka Sleyum ndiye dereva wa Landrova ya kampuni. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akinisema. "Mahbuba, wallahi utatufukuzisha sote wawili. Waandikie wanachotaka, khalas!"

Wanachotaka hawakijui, nikamwambia. Akapiga honi bure, mbele yetu hata mbuzi hayupo.

Jumamosi, 7 Novemba
Siku mbaya. Lindner kaja na rula. Kaweka kidole juu ya herufi yangu na kusema imeandikwa na mkono uliozoea kuanzia kulia. Herufi zao, mistari iliyosimama ndiyo minene, iliyolala myembamba. Yangu kinyume.

Nikatazama. Mungu wangu — kweli! Ni mkono wa chuoni, wa Kurani. Kalamu ya tete, alifu nyembamba, be imelala nene. Leipzig walinisahihisha miaka mitatu, nami nilidhani mkono ule umekwisha. Kumbe umekaa kimya tu, unangoja nafasi. Hasira zilinipanda, kwake na kwangu. Machozi nayo yalitaka kutoka, nikayazuia. Si mbele ya Lindner!

Bwana Preuß anakwenda kambini Azaiba hadi Jumatano. Kasema tukubaliane wenyewe. Akirudi bila sisi kukubaliana, kibao kitakuwa PREUSS kama zamani, nami kwenye taipu yangu.

Jumapili, 8 Novemba
Nimemweleza Bibi Nasriya wakati wa kufuturu. Bibi hajui Kijerumani, lakini ugomvi anaujua.

"Sasa huwezi kukinenepesha tu hicho kilosimama?"

"Naweza, Bibi. Kazi ya dakika moja."

"Basi?"

"Sitaki."

"Hee! Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Idi yenyewe wiki tatu tu, Bibi."

Akacheka mpaka sambusa ikamponyoka. Halafu akanishika kidevu. "Nnakujua wewe. Lakini nambie, huyo Mjerumani kasema uwongo?"

Hakusema uwongo. Herufi yangu haipatani na jirani zake, kila mwenye macho anaona. Leipzig nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni. Hapa ni kwetu, nchi ya mababu, hata kama sokoni wanatuita Wazinjibari. Sinyamazi tena. Lakini nifanye nini?

Jumanne, 10 Novemba
Nimejua! Herufi haipatani na jirani zake — basi na wabadilike jirani!

Nimekaa kibandani tangu asubuhi. P, R, E, U, zote nimezichora upya, mistari iliyolala minene, iliyosimama myembamba. Ile E ilinitesa, mistari mitatu imelala, ikawa nzito kama kabati. Nikaipunguza urefu, ikakaa. Rangi nyeusi juu ya kibao cheupe. Hakuna herufi hata moja hapo inayomwonea haya mwenzake. Sleyum kaja kunichukua, kasimama mlangoni na funguo mkononi. Hakunigombeza. Kauliza tu, "Na Lindner atasemaje?" Atasema, si ana mdomo!

Jumatano, 11 Novemba
Naandika ofisini, saa ya kazi. Liwalo na liwe.

Lindner kakiona kibao. Kakizunguka mara mbili. Kasema nimeharibu alfabeti nzima kwa kuogopa kusahihisha herufi moja. Nikamwambia sikuogopa, nilikataa. Kakitazama tena, muda mrefu kuliko anavyotazama kitu kibaya. Halafu kafungua droo, katoa karatasi ya msasa, kaiweka mbele yangu. Nikwangue yote kabla mkubwa hajafika. Au nirudi kwenye taipu sasa hivi, nichague. Kakaa kwenye kiti chake, mikono kifuani, ananisubiri.

Landrova inaingia. Naisikia.

Nimeukunja msasa mara nne, nikauingiza chini ya mguu wa meza hii ya wachoraji. Ilikuwa inayumba. Sasa imetulia. Lindner kasimama. Nami naendelea kuandika juu ya meza hii, na mlango unafungu—