Zamu ya Baba

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na paa la jikoni limeshazibwa. Rafiki zake marehemu Baba bado wanakuja Jumamosi mchana kucheza poka sebuleni. Kama zamani, anayegawa karata ndiye anayechagua aina ya mchezo. Kiti cha Baba hakikaliwi.

Juzi zamu ya kugawa ilipofika kwenye kiti hicho, mmoja wao, fundi cherehani, alitaka kuiruka. Mama akatoka jikoni, akaketi. Unamjua Mama, hajawahi kushika karata. Akazichanganya kwa mkono wa kushoto, akakohoa kidogo, akasema, "Karata saba, tatu za kuficha. Mwoga aende zake."

Maneno ya Baba hayo, na mkono wa Baba. Fundi akavua miwani, akanong'ona, "Mzee, ni wewe?"

"Karata zako hizo, cheza," Mama akajibu.

Akawashinda wote. Kisha akanigeukia mimi. "Kaka yako yuko wapi? Mbona hakuja kunizika?"

Njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ninayelala taa ikiwaka.