Wasifu wa Mjomba Anaeli, Angali Hai

Jumatatu, 3 Machi

Nimewaandikia wateja barua tatu kabla ya saa nne. Ya kwanza, mgogoro wa mpaka wa shamba, Kisongo. Ya pili, uhamisho wa mwanafunzi. Ya tatu, mirathi; mwombaji alilia juu ya karatasi, ikanibidi nianze upya. Mvua za masika zimebisha hodi. Nimesogeza meza yangu ndani zaidi ya kibaraza cha steshenari hapa Daraja Mbili.

Saa sita Mama Neema alipiga simu. Ni mke wa Mjomba Anaeli. Kwa lugha sanifu ni mkazamjomba wangu, ingawa ukimwita hivyo hudhani umemtukana. Ameniarifu kwamba uvimbe wa shingoni mwa Mjomba utatolewa Jumatano ya wiki ijayo. Rovu, kwa jina lake sahihi. Wenyewe husema goita. Daktari ameeleza kwamba limekua hadi kwenye mishipa ya sauti. Huenda Mjomba akaamka bila sauti. Huenda pia... Mama Neema hakumalizia.

Kazi yangu ni kuwamalizia watu sentensi zao. Hiyo sikuimalizia.

Nina hofu. Naandika hivyo bila kupamba.

Jumanne, 4 Machi

Mchana sikula.

Nimemkumbuka Mjomba akiwa kijana, nami nina umri wa miaka saba. Baiskeli isiyo na breki, kutoka Poli hadi barabara kuu ya Usa River, mteremko mtupu. Yeye alishika usukani. Mimi nilikuwa honi. Amri ilikuwa moja: nisiache kupiga kelele ya “pii! pii!” mpaka tufike. Breki ni viatu vyake vya matairi, vikiburuzwa ardhini. Akina mama wenye mikungu ya ndizi waliruka mtaroni wakamtukana kwa Kimeru, naye akawajibu kwa pambio la kanisani. Tulipofika chini koo lilikuwa limenikauka. Akaninunulia soda. Akamwambia mwenye duka kwamba honi yake ndiyo pekee nchini inayokunywa soda.

Sikuwa mtoto mwepesi wa kucheka. Yeye alilichukulia jambo hilo kuwa ajira yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda Poli kumjulia hali. Amekaa uani, skafu ya Mama Neema shingoni, kana kwamba kuna baridi. Sauti imeanza kukwaruza.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Mheshimiwa Tajwa!”

Ndilo jina alilonipa mwaka niliomwandikia barua yangu ya kwanza ya ofisini, iliyoanza “Mada tajwa hapo juu yahusika.” Ukoo mzima umelipokea. Watoto wa binamu zangu hudhani ndilo la ubatizo.

Alimtuma Mama Neema jikoni, kisha akanivuta karibu. Anataka nimwandikie wasifu. Ule usomwao makaburini. Anataka autazame kabla ya Jumatano.

Nilimwambia huo ni uchuro. Mtu aliye hai haandikiwi wasifu.

“Ndipo mnapokosea,” alisema. “Mnausoma mwenyewe akiwa ndani ya sanduku. Ukikosewa, nani atanyoosha mkono? Wasifu wote niliousikia, marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Hata Zefania, aliyemng’ata mzee wa kanisa!”

“Mjomba, naomba unisamehe kwa hili.”

“Sikusamehe. Andika. Na uandike ninavyocheka, maana huenda nisicheke tena.”

Hakutabasamu aliposema hayo. Sijawahi kumwona hivyo. Niliaga mapema nikateleza kwenye tope mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu. Kikwazo ni kiambishi kimoja.

Wasifu hudai “-li-”. Alikuwa. Alipenda. Alicheka. Kila ninapofika hapo mkono unasimama. Nimeandika ukurasa mzima kwa “hu-”, ambayo haina jana wala kesho. Mjomba hucheka kabla ya kumaliza kisa. Mjomba huwavisha watu majina. Mjomba huimba besi, na asipoyajua maneno hutunga yake. Sarufi ni sahihi. Nilijisikia mjanja.

Nilimsomea kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo ni karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuoshea ng’ombe,” alisema. “Hutikiswa kabla ya kutumiwa. Andika inavyoandikwa. Uniite marehemu, nione linavyonikaa.”

Nitatii. Sina raha.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilijifungia chumbani kwangu Sekei. Mlima umefunikwa na mawingu tangu juzi. Nimeandika hadi jioni, kwa “-li-”, kama mtu anayejing’oa jino.

Nimeandika kuhusu siku ya ukaguzi. Nilikuwa darasa la tano. Alifika shuleni kwetu amevaa koti la kuazima na tai, bahasha kubwa kwapani, hakusema yeye ni nani. Alisimama tu katikati ya uwanja akaandika kitu kwenye daftari. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akikimbia. Walimu walijipanga. Mjomba alikagua choo, akatikisa kichwa, akaandika. Alikagua mizinga ya nyuki, akatikisa kichwa, akaandika. Mwishowe alitamka kwa sauti ya serikali kwamba, kwa kuzingatia hali ya hewa, wanafunzi waruhusiwe kurudi nyumbani. Mia kadhaa ya watoto tukapiga vigelegele. Njiani alinionyesha daftari lile. Alikuwa amemchora mwalimu mkuu ana mkia.

Wenzangu walijifunza kwamba mjomba wangu ni kichaa. Mimi nilijifunza kwamba neno likivaa tai hufunguliwa mlango. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu yote ilianzia kwenye uwanja ule. Sijawahi kumwambia.

Nimeandika pia kuhusu harusi ya Neema. Mjomba ndiye baba wa bibi harusi na ndiye mshereheshaji, maana alikataa kumpa mtu mwingine kipaza sauti. Ndafu alipoingizwa ukumbini, mbuzi mzima aliyebanikwa, tulimkuta amevaa miwani ya jua na tai ya mchungaji. Mchungaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Kurasa tatu. Kichwa cha habari kama inavyotakiwa: WASIFU WA MAREHEMU ANAELI. Kimeniuma kukiandika.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Nitaieleza kwa utaratibu.

Saa mbili na nusu nilimkabidhi Joyce, binti wa steshenari, kurasa tatu azichape. Sikumweleza lolote. Nina kanuni: mwandishi hatoi maelezo ya waraka, waraka hujieleza. Nimejivunia kanuni hiyo kwa miaka mingi.

Sikujua kwamba Joyce husali usharika wa Mjomba.

Waraka ulijieleza. Joyce aliusoma, akajifuta machozi nyuma ya mashine, akaogopa hata kunipa pole kwa kuwa nilikuwa na mteja, akaarifu kundi la simu la kwaya. Kwaya ikawaarifu akina mama. Saa sita Mama Neema alinipigia. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina langu, na hakuniita Tajwa.

Nilikodi bodaboda hadi Poli. Nilikuta turubai jekundu likisimamishwa uani, viti vya plastiki vikishushwa, mikungu ya ndizi imelazwa kando ya zizi, wanawake wameshaanza kumenya. Na chini ya turubai, kwenye kiti cha mbele, Mjomba Anaeli, bakuli la loshoro, makande ya mtindi, mkononi.

Nilisimuliwa yaliyotangulia. Kikundi cha kwanza kilipanda kijia kikilia. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

“Poleni sana,” aliwaambia. “Nani ametutoka?”

Mama mmoja aliketi palepale kwenye tope. Mwingine alimchapa Mjomba kwa kanga yake: “Mshenzi wewe! Nimemwacha ng’ombe bila kukamuliwa kwa ajili yako!”

“Basi kaa ule ndizi zako,” alimjibu. “Mimi mwenyewe sijawahi kula kwenye msiba wangu.”

Walicheka, lakini si wote. Mama Neema alisimama mlangoni mikono kifuani. Alipita mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, “Keshokutwa anapasuliwa. Umemchulia mume wangu.” Hakuna barua ya kujibu hilo.

Kisha Mjomba aliamuru wasifu usomwe, kwa kuwa watu wamekwisha kusanyika na viti vimekwisha lipiwa. Nilisimama. Nilisoma “marehemu” mbele ya macho yake, naye akaitika, “Naam!” Nilipofika kwenye baiskeli, mzee mmoja alisimama akadai breki zilikuwepo ila ziliibwa. Nilipofika kwenye ndafu, kwaya ilishindwa kujizuia. Katika kisa cha ukaguzi nilifika pale nilipoandika “neno likivaa tai”. Mjomba aliacha kula.

“Hilo sikulijua,” alisema.

Watu walipotawanyika, shangazi yake mkongwe, Bibi Ndeanka, aliniita, akanifungua kifungo cha shati akanitemea mate kifuani. Kwa desturi za Kimeru ni baraka. Uso wake haukunihakikishia hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Amelazwa leo. Mama Neema hapokei simu zangu. Joyce aliomba radhi akilia. Nilimwambia kosa ni langu, naye akalia zaidi.

Nimeandika barua mbili za wateja na zote nimekosea tarehe. Nimeweka tarehe ya kesho.

Uchuro ni ushirikina. Nimelisema hilo kwa watu wengi. Leo nimelisema kwa nafsi yangu mara kadhaa na haikunisikia.

Jumatano, 12 Machi

Alfajiri niliandika barua. Sijui kufanya kingine.

YAH: OMBI LA KUTUNZIWA SAUTI YA MJOMBA WANGU. Nilieleza kwa ufupi kwamba sauti husika ni mali ya watu wengi. Kwamba imefungua harusi, imenyamazisha ugomvi wa mashamba, imewalaza watoto. Kwamba mwombaji anatambua ugumu wa kazi ya daktari wala hamfundishi. Kwamba endapo italazimu kuchagua kati ya sauti na uhai, mwombaji anaomba uhai. Sentensi hiyo niliipiga mstari. Nakala: Faili.

Muuguzi wa zamu aliisoma akiwa amesimama. Nilitarajia acheke.

“Daktari ameshaingia ndani, baba,” alisema. “Lakini nitamwekea.”

Nilimwomba anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Aliutafuta kwenye droo, akaugonga. IMEPOKELEWA.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Nilikaa upande wa pili. Saa moja. Saa ya pili. Saa ya tatu alisogea karibu, akaichukua nakala mkononi mwangu akaisoma, midomo ikienda taratibu. Akaikunja akaitia ndani ya Biblia yake.

Saa nane na robo daktari alitoka. Yuko hai. Mengine tusubiri.

Alhamisi, 13 Machi

Ameamka. Alifumbua mdomo kutusalimia, ikatoka pumzi tu. Alijaribu tena. Pumzi. Akayafumba macho.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna mabadiliko. Daktari asema mishipa haikukatwa bali imechoshwa. Huenda wiki, huenda miezi, huenda basi. Niliomba maelezo kwa maandishi. Alinitazama kwa huruma.

Mjomba amepewa daftari aandike anachotaka. Hataki kuandika. Aliandika neno moja tu, “Maji”, akalisukuma daftari kando. Mtu huyu hajawahi kusema neno moja tu.

Nimeogopa zaidi ya Jumatano. Jumatano nilikuwa na la kufanya.

Ijumaa, 21 Machi

Amerudi Poli. Wageni huja, huketi, hukosa la kusema, huondoka. Wamezoea aseme yeye. Mama Neema amenipa chai. Ameniita Tajwa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sikufungua meza. Nimekuwa Poli.

Nyumba nzima imeanza kunong’ona kwa sababu yeye hasemi. Hata mbwa. Mjomba alilala ametazama ukutani. Sikujua la kufanya, nikatoa mfukoni rasimu ya mteja wa jana nikaanza kuisahihisha, na kwa kuwa mimi husahihisha kwa kusoma, nilisoma kwa sauti.

Ni shauri la godoro. Nilisoma: “Kwamba siku hiyo mbuzi mlalamikiwa aliingia uani kwa mlalamikaji bila idhini, akala nusu ya godoro lililoanikwa.” Mjomba aligeuka. Nikaendelea: “Na kwamba, baada ya kushiba, mlalamikiwa alilala juu ya nusu iliyosalia.”

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikaishusha karatasi. Kisha ikatoka. Si sauti hasa. Ni kama bawaba ya mlango wa ghala, nyembamba, yenye kutu. Mama Neema alitokea jikoni, mwiko mkononi, akasimama.

Sikuona cha kuchekesha katika sentensi ile. Imejengwa vizuri tu. Mjomba alinyoosha kidole kwenye karatasi, akakizungusha: rudia.

Nilirudia.