Chaki Kwenye Mkanda wa Injini

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi na za moyoni. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, magoti yamepunguza lawama zake, na yule mjukuu wako amepona kikohozi kilichokuwa kikiingilia mazungumzo yetu ya simu. Mimi pia ni mzima, kwa maana ile ya daktari: nakula, nalala, natembea. Mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama, nami siku hizi nimeinama sana, kama utakavyoona hapa chini.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu unayeongea naye kwa simu kila wiki. Sababu ni hiyo hiyo simu. Ukiniuliza, "Kaka, unakuja lini?" mimi hukutupia utani kuhusu gari, wewe unacheka, mjukuu anakohoa, na swali linakufa bila jibu. Kwenye karatasi siwezi kukusikia ukicheka, kwa hiyo sitapata pa kujificha.

Siku tulipomaliza matanga ya wifi yako, ulisema mbele ya watu wote kwamba sitabaki peke yangu katika nyumba hii. Ulisema una chumba kimekaa bure, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi, na kwamba kaka wa kwanza na wa pekee hawezi kuachwa aongee na makochi. Nilikubali. Nikasema nitakuja na gari langu mwenyewe, mara tu nitakapobadilisha mkanda wa injini, kwa sababu safari ni ndefu na mkanda umechoka. Tangu siku ile umepaka chumba rangi na kununua godoro, nami nimeendelea kukupa habari za mkanda. Juzi uliniuliza huo ni ugonjwa gani usiopona. Ni swali la haki. Na unanifahamu: mtu akiniuliza kitu ni nini, siwezi kumjibu kwa kifupi.

Ndani ya injini kuna vyuma viwili virefu vinavyozunguka. Cha chini ni krenki, ambayo inazungushwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Cha juu ni kemshafti, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, yaani vile vimlango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Krenki na kemshafti vinaunganishwa na mkanda wa mpira wenye meno, unaoitwa mkanda wa taimingi. Kwa sababu ya meno hayo vinazunguka kwa kuelewana: pistoni inapopanda juu kabisa, vimlango vinakuwa vimeshaondoka njiani. Mkanda ukikatika, maelewano yamekwisha. Vimlango vinabaki vimening'inia, pistoni inapanda na kuvigonga, na kwa injini kama hii yetu huo ndio mwisho wake. Ubaya wa mkanda huu ni kwamba hautoi taarifa. Haupigi kelele, hauvuji, hautoi harufu. Unaubadilisha kwa kuhesabu umri wake tu. Wifi yako alikuwa akinikumbusha kila tulipopita mbele ya gereji. Alisema nimewachapa watoto wa watu maisha yangu yote kwa kuchelewesha kazi za nyumbani, na sasa mimi mwenyewe sijaleta daftari.

Fundi wetu aliniambia nimpelekee gari, lingetoka siku hiyo hiyo. Nikamwambia naogopa kuliendesha na mkanda uliochoka. Akasema basi atakuja yeye na vifaa vyake. Nikamwambia asante, nitafanya mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayesikia mwenzake akisema atajing'oa jino. Lakini ni muungwana: aliniazima spana kubwa na kifaa cha kuvutia puli, yaani kile kigurudumu kinachoshika mkanda, akanisihi nisithubutu kuwasha kabla ya kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, taratibu, nikisikiliza kama kuna kinachogonga.

Ukweli ni kwamba nilitaka kazi yenye mwanzo na mwisho. Mdogo wangu, siku za nyumba hii zimekosa kingo. Nachemsha chai ya watu wawili kwa sababu mkono umezoea kiasi kile cha maji. Nikiweka kijiko mezani nasikia kimelia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia zamani. Mchana unakaa sebuleni kama mgeni ambaye hajui kuaga. Nikaona afadhali nikalale chini ya injini, mahali ambapo angalau kuna bolti ya kugombana nayo.

Basi nililiinua gari kwa jeki, nikaweka magogo chini yake, nikatoa gurudumu la mbele. Nilitoa mkanda wa nje, nikategemeza injini kwa jeki nyingine na kipande cha ubao, nikaondoa kishikizo chake. Bolti ya puli ya chini ilinikatalia siku nzima. Nilipoikalia spana kwa uzito wangu wote ndipo ilipoachia, nami nikaketi sakafuni bila kupanga. Jirani yetu, yule mshona nguo tuliyempa jina la Sajenti kwa sababu ya kupenda kuamrisha, alichungulia juu ya ukuta na kuniuliza kama hapo ndipo mahali pa kupumzikia. Siku iliyofuata alisema nimevitandaza vyuma kama muuza vyombo vya mitumba, na akataka kujua bei ya ile sufuria. Ilikuwa ni kifuniko cha mkanda.

Sasa ninafika kwenye kosa langu, nawe utacheka. Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, ni lazima uweke alama kwenye puli ya juu na ya chini, ili mkanda mpya ukae pale pale. Hata jino moja likiruka, maelewano niliyokueleza yanaharibika. Watu hutumia rangi. Mimi nilitumia chaki. Nina maboksi ya chaki kabatini tangu nilipostaafu, na nilichora mistari myeupe, safi, iliyonyooka kama ya jiometri. Sajenti aliponiona akaniuliza kama nategemea injini inyooshe mkono na kujibu swali.

Kisha nikabadilisha pampu ya maji, kwa kuwa ukishafika huko ndani ni ujinga kuiacha ya zamani. Maji yalichuruzika kwenye puli. Nikachukua kitambaa na kufuta. Mkono ulifuta kama ulivyofuta ubao miaka yote ile, juu hadi chini, bila kuniomba ruhusa. Nilipozinduka, mistari haikuwepo. Mtu mwingine angesimama hapo akatafuta msaada. Mwalimu, akishafuta ubao, anaandika upya kutoka kichwani! Ndivyo nilivyofanya. Nilichora mistari pale nilipokuwa na hakika ilikuwepo, nikafunga mkanda mpya, nikazungusha kwa mkono, hakuna kilichogonga, nikarudisha kila kitu mahali pake na kuwasha.

Injini iliwaka, lakini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Haikuwa na nguvu, na ilikohoa kuliko mjukuu wako. Jino moja, mdogo wangu. Nilikosea jino moja tu.

Nilifungua upya, kuanzia gurudumu. Safari hii nilisugua puli kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka nikaviona vialama vyembamba vilivyochongwa na watengenezaji, ambavyo vilikuwa vimejificha chini ya uchafu muda wote. Ili nisivipoteze nilihitaji rangi isiyofutika. Sikuwa nayo. Nikaingia chumbani, nikafungua droo ya wifi yako, ambayo sikuwa nimeigusa tangu mazishi, nikachukua rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Nilidhani itakuwa imekauka. Haikuwa imekauka. Ilinibidi nikae kitandani kwanza kabla ya kurudi nje.

Nilipaka, nikafunga mkanda, nikazungusha mizunguko yangu miwili, na kila alama nyekundu ikarudi kukutana na mwenzake. Nikawasha. Injini ilinguruma taratibu sana, sauti ya chini, iliyotulia, hata ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Nilifurahi kiasi cha kusahau. Niligeukia dirisha la jikoni na kumwita wifi yako aje asikilize. Nilimwita kwa sauti, kwa lile jina nililokuwa nikimwita tukiwa wawili. Sajenti alikuwa upande wa pili wa ukuta na alisikia.

Hapo ndipo ungetegemea nikwambie kwamba kesho yake nilifunga mizigo. Sasa sikiliza jambo lililonifanya nitafute karatasi. Siku ile injini ilipopona si juzi wala wiki iliyopita. Ni zamani. Jioni yake ulipiga simu, nami nikakwambia pampu mpya inavuja. Haikuwa inavuja. Wiki iliyofuata nikakwambia kuna bolti imekatika, kisha kwamba fundi amesafiri, kisha mvua. Gari ni zima, mdogo wangu. Lina mafuta, lina maji, na masanduku yangu yapo kwenye kiti cha nyuma tangu wakati ule.

Sikukudanganya kwa sababu sitaki kuja. Kila asubuhi huwa nataka. Naoga, navaa viatu vya safari, nazima umeme, nawasha gari na kulitoa nje ya geti. Kisha nakaa kwenye usukani nikisubiri.

Asubuhi ya kwanza sikujua kwamba nasubiri. Nilidhani naacha injini ipate moto. Nilikuwa nimeshika usukani, natazama mbele, nimetulia kabisa, na dakika zikapita, mpaka mtu mwenye baiskeli akanipigia kengele nimpishe njia. Ndipo nilipoelewa. Katika ndoa yetu yote, mimi nilikuwa nikitoa gari na wifi yako akibaki nyuma kufunga geti. Alikuwa akilivuta, akitia kufuli, akilitikisa kuhakikisha, kisha anakuja kukaa pembeni yangu na kusema, "Haya dereva, twende." Nilikuwa namsubiri amalize kufunga.

Ungesema si kazi ngumu, nishuke nifunge mwenyewe. Nimeshuka. Nimelivuta geti, nimeshika kufuli mkononi. Lakini nikifunga kwa nje, na ndani hakuna mtu, na kwenye gari hakuna mtu, basi ndiyo imekwisha, nitakuwa nimekiri. Nimefundisha watoto kwamba ukishapata jibu unalipigia mstari chini. Huo mstari siwezi kuupiga. Basi nafungua tena geti, narudisha gari ndani kinyumenyume, navua viatu vya safari, nachemsha chai. Ya watu wawili.

Jana Sajenti aliniita ukutani. Alisema kwamba gari langu linaimba vizuri, mtaa mzima unalisikia, ila ni wimbo usioenda mbali na geti. Nilianza kumweleza habari za kupasha injini moto. Akanikatiza na kusema, "Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako. Mpigie dada yako umwambie." Kisha akanipa nusu ya mkate wake na kunipa mgongo, ili nisione uso wake, au asione wangu.

Kupiga simu nimeshindwa, ndiyo maana naandika. Nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba tangu tukiwa wadogo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikushika mkono kuvuka barabara. Njoo unichukue. Panda basi, uje na begi dogo, kwani nyuma pamejaa masanduku. Usinihurumie ukifika, na usinisemeshe sana asubuhi ya kuondoka. Nitatoa gari nje kama kawaida. Wewe baki nyuma, vuta geti, tia kufuli. Mimi nitakuwa kwenye usukani nikisubiri, na safari hii nitakuwa namsubiri mtu anayekuja.

Nisalimie watoto wako wote, na mpe mjukuu pole ya kikohozi. Mwambie babu atakuja kumfundisha kuandika, na chaki hazitapungua. Fundi anakusalimu bila kukufahamu. Sajenti naye anasema ukija upite kwake kwanza ukanywe chai, maana ana mengi ya kukueleza juu yangu, na mengi kati ya hayo ni kweli.

Kwa upendo na kwa aibu kidogo,

Ni mimi kaka yako.