Sentensi Niliyoiacha

Barani, Malindi

Mdogo wangu Raiya,

Assalaam aleikum. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Afya ninayo, na mkomamanga wako wa uani umezaa. Uso wa kukuandikia ndio sikuwa nao.

Mwanao Farid aliniletea fomu ya mkopo ya benki yake niitafsiri, kwa kuwa sheria inataka mteja asome kwa lugha anayoielewa. Akaniambia, "Mjomba, hii ya riba kupanda iache, itawatisha watu." Nikaiacha.

Juzi alikuja Kahaso wa Ganda, niliyemsomesha. Alikopa kwa fomu ile; sasa riba imepanda, na shamba aliloliweka rehani litapigwa mnada. "Mwalimu, niliposikia umeiandika wewe, sikuuliza mtu," alisema, wala hakunilaumu.

Wakaguzi wa mabenki wako Kilifi hadi Alhamisi. Nikiwaeleza, mnada utazuiwa, na Farid atafukuzwa kazi. Jana alinipigia simu: "Mjomba, mzee kama wewe, nani atakuuliza?" Ni kweli, hakuna aliyeniuliza.

Nikishaamua kama nitawaendea, nitakuandikia siku hiyo hiyo, usije ukausikia uamuzi wangu kwa mtu mwingine.

Kaka yako,
Salmin