Kosa la Shemeji Lilikuwa Kutokuugua

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, Mtendeni yote matope. Nimerudi nimeloa na sijabadili nguo. Nimekaa tu.

Leo kanisani alikuja daktari kutufundisha habari za ukimwi. Mwishoni nikauliza swali nililolibeba miaka ishirini na sita: mtu anaweza kulala na mgonjwa kwa muda mrefu na asiupate?

Akasema wapo, wachache. Miili haifanani. Mtu anarithi kinga kwa wazazi wake kama anavyorithi pua, na kwa wengine huenda kinga hiyo inafanya virusi visiingie kirahisi. Bado wanachunguza, na wengine ni bahati tu, kwa hiyo mtu asijidanganye. Mama mmoja akauliza pua ya namna gani ndiyo nzuri, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Kabula, mke wa marehemu kaka yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kwihara. Kaka alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Alirudi safari moja anaharisha, akakonda mwaka mzima. Ugonjwa wenyewe kwetu haukuwa na jina. Duka la kijiji halikuwa na sabuni, shemeji akawa anafua mashuka yake kwa majani ya mpapai. Alimwogesha, alimlisha, tangu waoane walilala kitanda kimoja. Kaka akafa. Yeye hata kikohozi.

Hilo ndilo likawa kosa lake.

Matanga yalipokwisha kikaitwa kikao. Shangazi akamwambia, "Mume kaisha kama njiti, mwenzetu unang'aa. Unakula nini?" Watu wakacheka. Kabula akanigeukia mimi.

"Shemeji, wewe umekula kwangu kila siku. Waambie."

Sasa niseme nisichowahi kumwambia hata mke wangu. Wazee walikuwa wamepanga mimi ndiye nimrithi. Niliuogopa ule ugonjwa, na niliona aibu kusema naogopa. Lakini mchawi harithiwi.

Nikasema, "Mchana ndiyo nakula kwake. Usiku anakula nini, mimi sijui."

Wakacheka zaidi.

Wakamfukuza siku ileile. Alimbeba binti yake mgongoni, sufuria moja kichwani, akashika njia ya kwao Kigwa. Hakuniaga.

Yupo mpaka leo. Analima karanga, nywele zimekuwa nyeupe. Kama ana hiyo kinga aliyosema daktari, au ni bahati tu, sijui. Njiani nilikuwa najifariji kwamba enzi zile hatukujua. Ni kweli, wengine hawakujua.

Mimi nilijua yeye si mchawi. Sikuhitaji daktari.

Shangazi alishakufa, na wale wazee karibu wote. Nimebaki mimi na maneno yangu. Jumamosi nitakwenda Kigwa. Sitaki kumwomba radhi chumbani, maana nilimsema mbele za watu. Nitamwomba aite majirani, na binti yake awepo, kama mwenyewe ataridhia.

Ni mke wa kaka, nitamwamkia shikamoo. Tangu kikao kile sijawahi kumwamkia. Asipoitika, nitakaa chini pale pale nianze kusema.